Pumzi ya Mtoto wa Bondeni

Nje kidogo ya Ifakara,
Jumapili asubuhi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mama, anakula vizuri siku hizi? Mimi ni mzima, nakula wali mpaka nausahau ugali wa huko Maswa. Maji yamejaa mashambani, na asubuhi ukungu hulala juu ya mpunga hata milima ya Udzungwa huonekana kama inaelea. Kuna siku nasimama mlangoni mwa wodi ya wazazi nikidhani bado sijaamka.

Baba, mwanzo kazi ilinielemea. Kila mkunga alijua lake na alikaa nalo. Ukiuliza, unajibiwa, "Kwani chuoni ulisomea nini?" Nikaacha kuuliza. Nikaomba uhamisho nirudi nyumbani.

Kisha tukapata inchaji mpya wa kusimamia wodi, Dada Skolastika, Mpogoro wa Mahenge mwenye sauti ya upole. Siku ya kwanza alituambia, "Kushona mzazi aliyechanika naweza, lakini mashine hii mpya ya kupimia moyo wa mtoto siijui. Nani atanifundisha?" Mwenzetu mmoja akajitokeza, akamwonyesha. Tangu hapo kila Ijumaa mchana, wodi ikitulia, mmoja wetu anawafundisha wenzake. Mimi alinifanyisha mazoezi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua kwa mwanasesere wa vitenge, tena na tena, huku akihesabu taratibu kama anayebembeleza. Nikaanza kuamka na hamu ya kwenda kazini.

Wiki iliyopita, kumekucha tu, mke wa mfugaji mmoja aliletwa kwa bodaboda. Mtoto akatoka amelegea, kimya. Papo hapo mama naye akaanza kutoka damu nyingi. Dada Skolastika akabaki na mama, akasema bila kugeuka, "Minza, mtoto ni wako."

Nikamkausha, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikamwekea barakoa, nikaanza kuminya mfuko wa hewa. Kila kitu kilienda mbali, baba, kama niko chini ya maji. Nilisikia tu sauti ikihesabu taratibu, na baadaye ndipo nikajua ilikuwa yangu. Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Akakohoa, akalia, nasi tukalia.

Damu ya mama ilikata. Alipopata nguvu akanishika mkono, akanishukuru na kuniita mama: "Wabeja, mayu." Kisukuma, baba, huku Kilombero! Nilihisi kama uko mle chumbani.

Ombi la uhamisho nimeliondoa. Najua ulishaanza kunijengea chumba, na najua utaiweka barua chini ukisoma hapa. Mpe mdogo wangu akitumie. Kesho anaanza mkunga mpya, na Dada Skolastika ameniambia, "Huyo utakuwa naye wewe."

Nisalimie mama, na bibi anayemtunza, na dada yangu mkubwa na shemeji, na shangazi muuza maziwa. Mwambie sijapata mtindi kama wake.

Yule mama, siku ya kuondoka, alisimama mlangoni na mwanawe kifuani, akaniambia kwa lugha yetu: "Wasalimie waliokuzaa."

Nimefikisha.

Binti yako,
Minza