Difu Kichwa Chini

Jumamosi, 1 Juni

Nimeamshwa na redio ya Baba. Tena! Jua halijatoka, mtangazaji anapiga kelele za bei ya mbolea sebuleni kwangu, na mimi sina hata chungu cha maua. Nikamwambia, Baba, punguza basi. Akasema redio hiyo haijawahi kupunguzwa tangu ainunue, hataki kuishtua.

Tangu avunjike nyonga anaishi kwangu. Kahamisha kochi, kahamisha kabati la vyombo. Chai yangu anasema ina ladha ya dawa ya mswaki. Nampenda. Lakini jamani.

Nyumba yake iko kule mlimani. Kwa miguu hapandi tena, na gari halifiki: kuna korongo la tope, halafu mawe yaliyopangana kama ngazi. Mara ya mwisho nilipojaribu, pikapu yangu ilivunjika mkono wa mbele hapo, gurudumu likalala chali.

Leo Dada yangu mkubwa kaja na hukumu. Hata maji hakunywa. Kasema nyumba ya mlimani ipangishwe, Baba ahamie kwake, ghorofa ya nne. Nikauliza lifti vipi. Inatengenezwa, kasema. Inatengenezwa tangu watoto wake hawajaota meno! Baba kasema heri azikwe kabisa, kaburini angalau hakuna ngazi. Wakavutana weee. Mwisho Dada kakubali jambo moja: gari lipande mpaka mlangoni kwa Baba, lishuke salama siku hiyo hiyo, ajue kwamba Baba akiugua kuna wa kumfikia. Likiweza, Baba akaishi kwake mlimani. Lisipoweza, mwisho wa mwezi anahamia ghorofani na hakuna mjadala.

Baba akanitazama. Fundi magari wa ukoo huu ni mimi tu. Nikasema, litapanda.

Mdomo huu!

Jumatatu, 3 Juni

Gereji. Nimemweleza Cheche mpango. (Cheche ni mchomeleaji wangu. Nyusi hana, ziliungua zote.) Tunang'oa mbele yote ya pikapu — vimikono, boljointi, takataka zote — tunaweka ekseli nzima. Chuma kimoja kinene toka gurudumu la kushoto hadi la kulia, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, humo humo, springi bapa juu yake, kama lori. Gurudumu moja likipanda jiwe, jingine linasukumwa chini likanyage. Hakuna cha kuvunjika ovyo.

Cheche kauliza tumewahi kufanya kazi hiyo. Hatujawahi. Kasema basi hatuwezi kukosea, maana hapa hakuna anayejua sahihi ikoje. Na huyu ndiye ninayemkabidhi moto.

Ekseli tumeipata yadi ya vyuma chakavu, chini ya lori lililokufa zamani. Ndani ya bomba kulikuwa na kiota cha panya, wenyewe wamo. Cheche alikimbia mpaka getini. Mwanaume anayeshika chuma chekundu!

Alhamisi, 6 Juni

Baba kaja gereji. Hakuna aliyemwita. Kashuka kwenye bajaji na fimbo na redio, kakalia tairi, kaanza kutoa amri. Kushoto kidogo. Siyo kushoto kwako, kushoto kwa dereva. We kijana, umechomelea hapo au umetema mate?

Cheche anafurahi kutukanwa na Mzee. Anaongeza makosa makusudi.

Lakini mbele imeng'olewa. Pikapu imekaa juu ya stendi bila magurudumu, mdomo wazi. Nimepima mabano ya springi mara nyingi mpaka Baba kauliza kama nashona suti. Nimemwambia bano likikaa upande, gari litatembea kama kaa. Kaacha kutoa amri. Kwa mara ya kwanza leo.

Aliendesha malori maisha yake yote. Nilisahau namna uso wake unavyokuwa akisikia grinda.

Jumanne, 11 Juni

Ekseli imekaa! Springi zimekaa! Stering inageuka pande zote na haigusi kitu! Tumepiga kelele mpaka mama muuza vocha wa jirani kaja kuuliza nani kajifungua.

Halafu shida. Propela ya mbele, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye difu, inakaa chini mno. Inasugua kile chuma kinachokingama chini ya injini. Ukizungusha, inakwaruza, kwaru kwaru. Ama tukate chuma tukitengeneze upya, na hiyo ni kazi ya kulia, ama propela ipande juu.

Baba, kutoka kwenye tairi lake: kigeuzeni kichwa cha difu. Kinafunguka chote, si ndiyo? Basi kiwekeni juu chini. Pale propela inaposhikia patapanda, mambo yamekwisha.

Mimi na Cheche tukatazamana. Uzuri wake! Tukakifungua, tukakigeuza, boliti zikaingia zote bila ubishi. Tundu la kupumulia likawa chini, oili ikaanza kudondoka, Cheche akaliziba. Propela ikazunguka huru, haigusi popote. Baba kajichekea. Kasema sisi watoto wa siku hizi bila yeye tungekuwa tunauza karanga. Cheche kamwita profesa. Nami nimempigia saluti kwa spana.

Tumezunguka uani. Kwa magurudumu ya nyuma tu, kupasha moto. Limetembea tamu kabisa.

Jumamosi, 15 Juni

Sijui niandikeje.

Tumeenda watatu. Mimi kwenye usukani, Baba pembeni kavaa koti lake la safari, Cheche nyuma kashikilia bomba. Barabara tambarare, safi. Baba anapiga miluzi. Tumefika korongoni, tope mpaka magotini. Cheche karuka, kafunga loki za magurudumu ya mbele, yashikane na ekseli. Nikaingiza gia ya magurudumu yote manne. Nikakanyaga mafuta.

Gari halikwenda. Likaanza kutetemeka zima. Likachimba, tope linaruka mbele na nyuma, kioo chote tope, sioni kitu. Nikaongeza mafuta. Likazidi kuzama hapo hapo. Baba anapiga kelele: kanyaga! Nakanyaga! Kanyaga, we mtoto! Baba, nakanyaga!

Cheche huko nje kashika kichwa. Anaita, Bosi, zima! Zima! Ya nyuma yanakwenda mlimani, ya mbele yanarudi nyumbani!

Nikazima. Nikaelewa, na Baba kaelewa dakika hiyo hiyo, nilimwona. Difu ukiigeuza juu chini, inazungusha magurudumu kinyume. Bila shaka inazungusha kinyume! Mtoto yeyote na gari lake la kuchezea angekuambia. Uani hatukuona kwa sababu mbele hatukuifunga. Mafundi wawili na dereva wa malori, tumejenga gari linalogombana na nafsi yake.

Dereva wa trekta aliyetuvuta alitaka aelezwe mara mbili. Mara ya pili alizima trekta ili acheke vizuri.

Mimi nilicheka pia. Cheche alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka.

Jumapili, 16 Juni

Redio haikuwashwa leo.

Nimeamka mwenyewe, nyumba kimya, nikadhani kafa. Nimekimbilia sebuleni pekupeku. Yuko kwenye kochi, kavaa, begi liko miguuni. Kasema nimpigie Dada aje amchukue. Ya nini kungoja mwisho wa mwezi.

Nikamwambia tumekosea, tunageuza, basi. Kasema aliyekosea ni yeye. Ana miaka yote ile barabarani na kasema upuuzi mbele ya watu. Kama kichwa kimefika hapo, atakaaje peke yake mlimani? Si ataacha jiko linawaka?

Nilitaka kumwambia mimi mwenye cheti nilishangilia upuuzi huo na kuupigia saluti. Nilimwambia. Kasema asante kwa kunipoza.

Nikafungua begi lake, nikarudisha mashati kabatini, moja moja, kwa hasira. Hakunizuia. Dada alipopiga nikamwambia mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Kasema mdogo wangu, unamtesa Baba. Nikakata.

Nimekasirika na sijui na nani. Nilitaka ukimya nyumbani. Huu hapa sasa, na sitaki hata kuusikia.

Jumatano, 19 Juni

Tumerudisha kichwa cha difu kama Mungu alivyokikusudia. Halafu ile kazi ya kulia: tumekikata kile chuma cha chini ya injini, Cheche kakichomelea upya kikiwa kimebonyea katikati, propela ipite juu yake kwa raha. Amechomelea kutwa. Sijawahi kumwona anafanya kazi bila kuongea. Mshono umelala vizuri mno, nikampa mkono. Kasema anafanya kwa ajili ya profesa.

Profesa hakutaka kuja. Nimemfuata nyumbani, nikamdanganya kwamba nahitaji mtu wa kukaa kwenye usukani. (Ninaye mtu. Ninao hata wawili.) Tumeinua pikapu magurudumu yote hewani. Baba ndani. Nikamwambia aingize gia ya magurudumu yote manne. Kaishika gia, kaiachia, kaishika tena; nikajifanya natafuta spana.

Kaingiza. Kaachia klachi. Cheche kalala chini anachungulia.

— Mbele yanakwenda mbele! Mzee, yote yanakwenda mbele!

Baba kaendelea kuzungusha magurudumu hewani. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Kaenda safari ndefu huku hajaondoka gereji. Nilimwacha mpaka dizeli ikaanza kuniuma roho.

Alhamisi, 20 Juni

Redio. Mbolea imepanda. Nimevuta shuka kichwani nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika nimekaa kwenye bampa, mchana bado, mbele ya mlango wa Baba. Ndiyo. TUMEFIKA!

Haraka haraka nisisahau. Cheche tumemwacha gereji, nafasi yake imechukuliwa na magodoro na gunia la mkaa. Dada kapiga kabla hatujaondoka: Baba abaki na vitu vyake, mimi nishuke na gari kabla ya giza, nipitie kwake alione. Hapo atasaini kwa damu, nadhani.

Korongo — tumetoa upepo kidogo kwenye matairi, loki, gia, tukapita. Tope likatulamba milango na kutuachia. Sikuamini. Halafu ngazi ya mawe. Gurudumu la kushoto likapanda jiwe, juu, juu, mpaka nikawa naona mawingu tu, na la kulia likashuka likakanyaga kama ilivyotakiwa. Chuma kinalia kwiii. Baba kashika dashibodi: polepole, polepole mama, usilikimbize, liache lifikirie. Hajaniita mama tangu nivunje kioo cha lori lake. Chini kukagonga kitu, ngo! Nikafa. Baba kasema endelea, hilo ni jiwe linatusalimia. Gurudumu la nyuma likasukuma, tukawa juu. Nililia kidogo. Yeye alisema ni vumbi, wakati kote tope.

Nyumba ni nzima. Mlango umevimba, nikausukuma kwa bega. Buibui wamejenga mji. Baba kazunguka kila chumba na fimbo yake, anagusa kuta. Mimi nimeshusha magodoro, nimefagia, nimejaza maji pipa. Yeye akasema anatoka kuangalia gari kama linavuja.

Nimemaliza. Nimemuaga. Kasema haya, nenda, nenda, giza lisikukute. Hakuniangalia. Nimekaa kwenye usukani, nimewasha.

Haliwaki.

Starta inazunguka vizuri, betri ina nguvu, injini haishiki. Nimefungua boneti. Haikunichukua muda. Ule waya mdogo wa kwenye pampu, unaoruhusu dizeli, umechomolewa. Haukukatika. Umechomolewa na kufichwa nyuma ya hozi, kwa adabu kabisa.

Nikageuka. Baba yuko barazani anafuta vidole kwenye suruali. Grisi mpaka kwenye kucha.

— Tatizo kubwa?

Nikautazama waya. Kuurudisha ni kupiga chafya tu. Nikamtazama yeye. Miezi hii yote namwomba Mungu anitolee huyu mzee sebuleni.

— Kubwa, Baba. Sijui kama litapona leo.

— Pole sana, mwanangu, kasema, na kaingia ndani upesi kuliko nyonga yake inavyoruhusu.

Nimechungulia dirishani. Yale magodoro mawili niliyomletea alalie moja juu ya jingine, kayatenganisha. Vitanda viwili, vyote vimetandikwa. Alivitandika saa ngapi?

Simu ikaita. Dada. Kauliza umeshaanza kushuka? Jua linakwenda hilo, tulikubaliana siku hiyo hiyo. Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao mbaya, nampigia sasa hivi. Mtandao wa huku ni mzuri kuliko wa mjini. Nikiwasha gari, Baba anapata nyumba yake na analala humo peke yake leo. Nisipowasha, Dada kashinda.

Anapiga tena. Na huyu mwingine anaita kutoka ndani, anataka kujua nitalala upande wa dirisha au wa mlango.