Mpiga Kamera wa Kashozi

Guangzhou, 3 Machi 2025

Baba, shikamoo. Homa imenitoka, ila kutulia sijatulia. Kuna Mjerumani anapiga filamu ya sisi wafanyabiashara hapa soko la nguo la Shahe, nami namtafsiria kwa wenye maduka, maana wakiiona kamera wanashusha mageti. Anaitwa mzee Reimut. Ameshapiga filamu dunia nzima, tuzo kibao, na hii anasema ndiyo ya mwisho. Leo kaniambia kazi aliianzia misheni ya Kashozi, mwaka themanini na sita.

Si ndiye uliyembebea kamera? Si ndiye aliyempiga mama filamu? Bibi alinisimulia hadi nikaikariri. Mama alifariki nina miezi minne, na picha yake moja ikaliwa na mchwa. Filamu hiyo naitaka, Baba. Sura ya mama yangu siijui.

Mwanao, Felisia


Kashozi, 6 Machi

Marahaba, mwanangu. Huku wazima, goti tu ndilo linanisumbua. Ndiye huyo. Nilimbebea mwaka mzima. Habari ya filamu achana nayo, usimsumbue mzee wa watu. Muulize jambo moja tu: mama yako, Getrude wangu, anamkumbuka?

Baba yako, Salvatory


Guangzhou, 21 Machi

Shikamoo Baba. Nilikaa kimya kwa sababu sikujua nianzie wapi. Filamu haipo na haikuwahi kuwepo. Anasema mikanda ya filamu ilikuwa adimu, na watu walimsihi awapige picha, basi akawa anazungusha kamera tupu, bila mkanda, ili wafurahi. Eti wenzake wote walifanya hivyo. Ananiambia hayo huku anakula tambi. Nilimwachia masanduku ya kamera niliyokuwa nambebea pale pale mtaa wa Zhanqian nikaondoka. Jumatano anarudi kwao, na aende salama. Pole, Baba. Nimelia mpaka macho yamevimba.

Mwanao, Felisia


Kashozi, 22 Machi

Marahaba, Felisia. Kula kwanza, ndipo usome.

Nilijua. Mkanda kwenye kamera nilikuwa naupachika mimi kila asubuhi, na siku ile sikupachika kitu. Mama yako alikuwa ameshavaa kitenge cha harusi, ningemwambiaje? Alikufa akijua yumo kwenye filamu. Bibi yako sikumwambia, na wewe nikakuficha. Nisamehe, mwanangu.

Kinachoninyima raha ni kingine. Sura yake inanitoka. Nikifumba macho naona kitenge tu. Yule mzee alimtazama muda mrefu kwenye kioo cha kamera. Meza hasira, nenda ukamuulize kabla ya Jumatano.

Baba yako


Guangzhou, 25 Machi

Shikamoo Baba. Nimemkuta hotelini anafunga mizigo. Hata chai yake nilikataa. Lakini nilipotaja kitenge, aliketi.

Anamkumbuka. Anasema aliona upande mmoja tu: shavu la kushoto, lenye kishimo akicheka. Mara tatu alimwambia aangalie kamera, mara tatu akakataa. Muda wote alikuwa anakutazama wewe, uliyekuwa pembeni umeshika miguu ya kamera.

Mwanao, Felisia