Fimbo Zilizonizidi Nguvu

Jumatatu, 3 Machi
Mashimo tisa ya gofu, peke yangu. Mwenzangu Chege alikuwa kwa daktari wa macho. Fimbo namba saba inateleza mkononi, raba ya mpini imekauka. Nimeifunga plasta. Seti hii niliinunua nikiwa bado natibu ng'ombe wa Ndabibi. Miaka ishirini na mbili. Bado inafaa.

Githeri ya jana, nimekula nimesimama. Mama Chebet yuko Kanada mwezi wa kumi na nne sasa, analea mtoto wa binti yetu. Nyumba ina vyumba vitatu. Natumia kimoja.

Jumatano, 5 Machi
Chege ameniambia tena ninunue fimbo zingine. "Baba Chebet, unapiga kama mtu anapasua kuni." Tulicheka. Sikupenda.

Jumamosi, 8 Machi
Shimo la nne nilipiga na namba saba, kichwa cha fimbo kikakatika, kikapita karibu na sikio la Chege. Alichuchumaa. Kisha akasema amechoka, akabeba begi lake, akaenda.

Nilikitafuta kile kichwa kwenye nyasi. Ndani ya bomba la fimbo, pale lilipokatika, kutu tupu. Nilikuwa nafunga plasta juu, huko chini sikuwahi kuangalia. Ningemuua rafiki pekee niliye naye.

Jumapili, 9 Machi
Nimempigia Chege mara tatu. Hashiki.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwona kutoka kwa gari. Anacheza na watu wengine wawili. Nikageuza gari, nikarudi nyumbani. Aibu. Na wivu pia, niseme ukweli.

Alhamisi, 13 Machi
Nimepeleka begi la fimbo kwa Njeri, mwenye duka la vifaa vya gofu. Amezikagua moja moja. Mbili zaidi zimeanza kuliwa na kutu pale bomba linapoingia kichwani. Akanipa fimbo nyepesi nijaribu. Mpira ulipanda vile sijauona ukipanda kwa miaka.

"Mzee, hizi zako ni za mtu mwenye nguvu nyingi. Siku hizi unapiga polepole."

Hakuwa na ubaya. Iliniuma hata hivyo. Nikamwambia kwanza niongee na Mama Chebet.

Ijumaa, 14 Machi
Mama Chebet amepiga simu. Kabla sijafungua mdomo akasema Chebet ana mimba tena. Atakaa mwaka mwingine. Labda miwili. "Utaweza, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. Mambo ya fimbo sikuyataja.

Nimekaa sebuleni bila kuwasha redio. Godoro limebonyea, pazia la jikoni limechanika, na kila kitu nilikuwa nasema akirudi tutabadilisha. Sikujua nimesema hivyo mara nyingi kiasi hicho.

Nina hasira. Sijui na nani.

Jumatatu, 17 Machi
Nimenunua. Seti iliyotumika, nyepesi. Njeri amenionyesha mistari usoni mwa kila fimbo, bado ina kina, na ameweka raba mpya. Zile za zamani nimemwachia. Sikuziangalia mara ya pili.

Kutoka dukani nikaenda kwa Chege bila kupiga simu. Alikuja hadi kwenye geti. Nikamwambia, "Uliniambia, nikakataa kusikia. Pole."

Akagusa sikio. "Ilipita hapa. Hata kanisani jana nilikuwa naisikia."

Alinipa chai. Tuliongea bei ya viazi Olenguruone. Kuhusu kucheza, hakusema lini, nami sikuuliza.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua asubuhi, kiwanja karibu kitupu. Kwenye shimo la sita mpira wangu ulitua hatua mbili tu kutoka kwa bendera. Niligeuka niseme kitu. Hakukuwa na mtu, ila mama mmoja anafyeka nyasi kando ya miti.

"Hiyo imeenda vizuri, mzee."

"Asante, mathe."

Nilingoja kidogo, labda ataongeza. Akarudi kwa kazi yake. Nikatembea hadi kwenye mpira.