Oili Nzito, Oili Nyepesi

Jumapili, 1 Januari

Mwaka mpya. Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Lori limewaka saa nne asubuhi, na mimi niko nalo tangu saa mbili. Karai la makaa chini ya sampu, lile bakuli la oili tumboni mwa injini, blanketi la farasi juu ya boneti, mimi kifudifudi kwenye theluji napepea kama mchoma mahindi.

Tatizo ni oili. Nimechomoa kijiti cha kupimia — haidondoki! Inaning'inia kama halua. Ndiyo ile ishirini-hamsini aliyonitilia fundi Hazbo mwezi wa tisa. Wakati ule ilikuwa dawa. Lori lilikuwa linakunywa oili kama ng'ombe na kutoa moshi wa buluu mpaka wachunga kondoo wananitukana. Hazbo akasema injini iliyolegea hutiwa oili nzito, izibe mapengo. Ikaziba kweli. Ila mwezi wa tisa si Januari ya huku juu, nyanda za Pešter.

Baba mkwe, Ćamil, Mungu amrehemu, hakuwahi kuifikisha oili nzito kwenye theluji. Oktoba ikiingia anaimwaga, anatia ya baridi. Kila mwaka, kama sala. Oktoba hii ndipo figo za mama mkwe zilipogoma. Nilikuwa hospitali. Nani angekumbuka oili?

Rifat kapiga simu kututakia heri. Dakika nne. Alikwenda Vienna kwa msimu mmoja tu, mume wangu. Huu ni wa sita.

Redio inasema baridi yenyewe bado haijaja.


Jumatatu, 2 Januari

Nimezunguka nyumba ishirini na tatu kukusanya maziwa ya kuuza. Kwa jirani Zaim yameganda ndani ya kopo, nikamwambia leo unaniuzia jibini. Hakucheka.

Kisha kwa Hazbo. Nikamwambia: kaka, nitilie nyepesi. Tano-arobaini, ile inayotiririka hata kwenye barafu.

Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Shemeji, unajua injini ile ina nini tumboni? Masizi ya miaka hamsini. Hizi oili za siku hizi zina sabuni ndani yake. Itayaosha yote, yashuke, yazibe chujio. Pampu ivute hewa. Injini inoki, ikwame kabisa, nawe uko mlimani."

"Na nisipobadilisha?"

"Baridi ikizidi haitawaka."

"Ya katikati je? Kumi-arobaini?"

"Dukani imekwisha. Wenye matrekta wameibeba yote wiki iliyopita. Wiki ijayo labda."

"Basi nichague nini, Hazbo?"

"Chagua kiangazi," akasema, akaingia chini ya gari la mtu.


Jumanne, 3 Januari

Siku ya mashine. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi — mama Rabija analala pale masaa manne, damu inatoka chafu inarudi safi. Kilomita thelathini na moja kwenda, na mlima katikati. Gari la wagonjwa huishia njia panda ya chini, ng'ambo ya mlima. Simlaumu mtu. Hii barabara wakati wa baridi haipandi kitu isipokuwa lori, na lori ni letu peke yake.

Limewaka baada ya masaa mawili na nusu. Tumechelewa. Wauguzi wametupokea hivyohivyo, wakamsogeza mzee mmoja.

Njiani kurudi nimemwambia mama tuhamie mjini kwa binti wa dada yake mpaka Machi.

"Kwenye kile kisanduku, ghorofa ya nne? Nifie kwenye ngazi?" Kisha: "Na maziwa ya watu utayabeba kwa mdomo?"

Nimebadilisha gia. Maziwa ndiyo tunayokula.


Jumatano, 4 Januari

Ishirini na tatu chini. Upepo.

Nimempigia Rifat, maana ni lori la baba yake. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Nikamweleza: nzito, nyepesi, masizi, chujio. Akasikiliza kama anayesikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowajua.

Akasema injini imezeeka, usiipe oili ya gharama, utakuwa unatupa tu, acha ijiendee.

Mama alikuwa mlangoni na kuni kifuani. Ameziweka chini moja moja, taratibu.

"Mwanangu ana akili," akasema. "Amesema kweli kuhusu sote wawili, mimi na hilo lori."

Nikamwambia kwamba Rifat kazungumza habari ya lori tu. Akasema najua alichozungumza, nilimzaa mimi.

Nimekata simu bila kuaga. Unga mpaka kwenye kioo cha simu.


Alhamisi, 5 Januari

Halikuwaka.

Makaa mara tatu. Upepo unayazima. Nimemwaga maji ya moto kwenye sampu, yameganda yakidondoka. Stata inanguruma mara moja — mmh — halafu kimya. Betri mbili nimezilaza kando ya jiko usiku kucha kama watoto wachanga, wapi!

Saa saba nimeacha. Nimeingia ndani kumwambia mama. Alishavaa, koti, kitambaa kizuri cha kichwa, mkoba magotini. Ameketi hivyo tangu alfajiri.

"Haya," akasema, akaanza kufungua vifungo.


Ijumaa, 6 Januari

Miguu ya mama imevimba. Ukibonyeza kidole shimo linabaki. Usiku hakulala, alikaa kitako anahesabu pumzi. Asubuhi aliomba maji nikampa kijiko kimoja, maana hapaswi, figo hazitoi maji. Akanitazama jinsi mtu anavyomtazama bawabu wa jela.

Nimeamua. Ikiwa oili nzito inamwacha nyumbani na oili nyepesi inampeleka mjini, uamuzi gani huo? Masizi yatashuka baadaye. Maji yanampanda kifuani sasa.

Zaim kanipeleka dukani kwa trekta lake, halina kibanda, mama asingevuka nalo mlima; madumu manne mekundu nimeyakumbatia kama wanakondoo. Hazbo akaja mwenyewe, na taa ya gesi ya kuyeyusha barafu kwenye nati ya sampu. Hakutaka kuja. Nilimwonyesha mguu wa mama, akavua kofia, akatoka kwenda kwenye lori.

Nzito ilichukua saa nzima kutoka. Nene, nyeusi, inakunjana chini kama mkanda. Nyepesi iliingia kama chai! Hazbo akasema kwanza ingefunguliwa sampu ioshwe, chujio litolewe, lisafishwe. Kazi ya siku mbili, chini ya paa, penye moto. Hatuna siku mbili wala paa.

"Angalia mshale wa presha ya oili kuliko barabara," akaniambia. "Ukishuka chini ya moja, simama."

Mama alitoka na mkongojo, akanusa ile oili mpya kwenye kidole chake.

"Haina harufu ya Ćamil," akasema, akarudi ndani.


Jumamosi, 7 Januari

LIMEWAKA! Mara ya kwanza! Nyuzi ishirini na saba chini na limewaka kama la jana kutoka kiwandani! Nimepiga usukani, nimelia, nimecheka, kuku wote wamekimbia.

Kupanda mlima mshale umekaa kwenye tatu. Nimeutazama kama chungu cha maziwa jikoni. Haukutikisika.

Wamemtoa mama lita nne za maji. Nne! Ametoka pale amekuwa mdogo, uso umerudi wake. Njiani amedai jibini. Daktari kakataza jibini. Amesema daktari ni mtu wa mabondeni, anajua nini habari ya jibini. Nimempa kipande cha ukubwa wa ukucha. Amekimumunya mpaka tunafika, amefumba macho.

Nilimuuliza tena kuhusu kukaa mjini. Kama namwambia paka.

Jioni tumekula ugali wa mahindi na maziwa ya mgando, yeye vijiko vitatu. Amenisimulia jinsi Ćamil alivyomchumbia: alipaki lori hilihili, jipya, mbele ya nyumba yao, akajifanya limeharibika siku tatu. Baba yake ndiye aliyegundua, akamwambia kijana, lori lako lina ugonjwa wa macho.

Sijamsikia akicheka hivyo tangu Oktoba.


Jumapili, 8 Januari

Chini ya injini theluji ni nyeusi. Doa la ukubwa wa sinia. Oili nyepesi imepata kila mpira wa kuziba uliochoka ikatoka. Nimeongeza lita moja na nusu.

Kijiti kimetoka na punje. Ndogo, kama kahawa iliyosagwa vibaya. Nimezisugua kati ya vidole. Masizi.

Sijamwambia mama.


Jumatatu, 9 Januari

Kwenye mzunguko wa maziwa mshale umeanza kucheza. Mbili. Moja na nusu. Mbili. Injini ikipata moto ndipo unashuka, na nikilisimamisha mlangoni kwa mtu unashuka zaidi. Nyumba tano za mwisho sikuzifikia. Watu walikuwa barabarani na makopo yao, nimewapungia nikageuza.

Hazbo aliweka sikio kwenye bisibisi ndefu, ncha kwenye injini. Alisikiliza muda mrefu.

"Chujio linaziba," akasema. "Usiende nalo popote. Lilete hapa kesho, nitafungua."

"Kesho ni Jumanne."

Akakuna shingo. Nikamwuliza: litafika mjini na kurudi, mara moja? Akasema anaweza kuniambia ndiyo akawa mwongo, anaweza kuniambia hapana akawa muuaji, kwa hiyo shemeji usiniulize.

"Ungeniacha na ile nzito?" nikamwuliza.

"Kwa ile nzito mama angekuwa ameshakufa."

Basi. Angalau hilo limesemwa na mtu mwingine.

Kesho naenda. Keshokutwa namwachia Hazbo lori, mama abaki mjini atake asitake.


Jumanne, 10 Januari. Saa tano asubuhi, ndani ya lori

Huwa nalibeba daftari hili kwa ajili ya masaa ya kungoja hospitali. Leo nangojea hapa.

Tumekwama karibu na kilele. Upepo umebwaga theluji katikati ya barabara, juu kuliko boneti. Nimerudi nyuma nikakuta nyuma nako kumeziba. Greda la kusukuma theluji liko upande wa mjini, nimewapigia wenyewe, wanasema wanakuja — saa moja, labda mbili, huko chini nako kuna basi limelala ubavu. Nyuzi ishirini na nane. Nyumba hakuna, mti hakuna. Huku juu hata kunguru hupita tu.

Mshale ulifika moja kwenye kona ya mwisho. Sasa tumesimama, uko sifuri. Taa nyekundu haizimi.

Na imeanza kugonga. Chini kabisa, polepole, kama mtu anayebisha mlango akijua wenyeji wamelala.

Hazbo kwenye simu alikuwa anapiga kelele: zima, zima sasa hivi, kila dakika unakata beringi! Nikamwambia nina mama humu. Akaacha kupiga kelele. Nikamwuliza injini ina muda gani. Akasema robo saa, saa moja, hajui, Mungu ndiye fundi wake sasa.

"Na nikizima?"

"Haiwaki tena, shemeji. Hilo najua."

Joto la humu ndani linatoka kwenye injini. Hakuna lingine. Nimemfunga mablanketi mawili na koti langu. Hajasafishwa tangu Jumamosi, midomo ina rangi ya zambarau, buti hazikuingia miguuni kaja na soksi tatu. Kutembea naye haiwezekani. Kumwacha nikatembee — hapana.


Saa tano na nusu

Bado inagonga. Kwa nguvu zaidi.

"Zima, Devleta," kasema. Si kwa ukali. Kama anavyoniambia punguza moto chini ya sufuria.

Nikasema sizimi.

"Lori likifa utakula nini? Utakwenda Vienna kumfulia soksi?"

"Nitauza ng'ombe."

"Ng'ombe wawili na mmoja hana meno." Akapumzika kidogo, maneno yanamchosha. "Sikiliza mwanangu. Mimi hata greda likija leo, Alhamisi nitaidai tena hiyo barabara. Na Jumamosi. Wewe una miaka arobaini na moja. Lori hili ni mkono wako wa kulia, nawe unauunguza."

Nikamwambia ni lori la Ćamil, asingezima.

"Ćamil angezima," akasema. "Namjua. Angezima, halafu angelia."

Nikamvuta blanketi mpaka kidevuni.

Nimepiga tena simu ya greda. Wameshalinyanyua basi. Wanaanza kupanda.


Saa sita kasoro robo

Moshi unaingia kutoka sakafuni, nimeteremsha kioo upana wa kidole. Mshindo sasa unausikia kwenye kiti. Huko chini nimeona, au nimetaka kuona, taa ya njano inazunguka. Imepotea. Upepo tu.

Herufi zimepinda. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika ufunguo, na juu yake mama ameweka wake, amevua glovu. Hauvuti, hausukumi. Baridi kama kopo la maziwa. Sijui anangoja nichoke auzungushe ufunguo azime, au anaota moto wa mkono wangu tu.