Bunduki Nyuma ya Magunia ya Unga

Jumatatu, 3 Juni
Sijalala. Mwanangu Kijino anaota meno, kila akisinzia anashtuka. Leo nimetia chumvi kwenye chai ya walimu! Mpishi mwenzangu kacheka mpaka kakaa chini: leo watafundisha kwa kiu.

Saa sita Kamanda kaleta tena bunduki yake. Tangu maabara ivunjwe shule ina mlinzi mwenye silaha, ndiye huyu Kamanda, na Mkuu wa shule kaamuru bunduki isiingie bwaloni. Kabati la kuifungia hakununua. Basi Kamanda akienda kula ananiachia mimi, maana ufunguo wa stoo ni mmoja tu, uko shingoni mwangu. Naiviringisha kwa aproni kuukuu, naisimamisha nyuma ya magunia ya unga.

"Shemeji, nitunzie mke mdogo."

Nikacheka. Wiki ya tatu hii nacheka.

Jumatano, 5 Juni
Mdogo wangu kachana sketi tena. Kapita kwenye uwazi wa ua wa nyuma, wakati geti liko wazi! Nikamfokea: unadhani sare inaota kama nywele? Kainamia mpasuko wa sketi. Huyu ambaye ulimi wake haujui kulala. Tangu mama atuache ni kama mwanangu wa kwanza, kidato cha tatu sasa, hapa hapa shuleni. Kamchukua Kijino, kaenda kukaa naye ukutani.

Nimeshona. Sindano imenichoma mara mbili.

Alhamisi, 6 Juni
Mwandiko wangu leo kama wa kuku.

Zamu ya kusugua masufuria leo ilikuwa ya Twiga, yule msichana mrefu, rafiki wa mdogo wangu. Kasugua sufuria moja muda mrefu mno. Halafu, bila kuniangalia: Mama Kijino, wewe na Kamanda ni ndugu?

Ndugu wapi! Shemeji ni utani wake tu.

Ndipo akasema. Wasichana wakichelewa, Kamanda anawaita kibandani kwake getini kuwakagua. Wasichana tu. Analaza bunduki mlangoni ili wasitoke. Anawapapasa. Ukitaka kupiga kelele anakwambia hii haina masikio. Mdogo wangu yeye aliwekewa mtutu chini ya kidevu, akaambiwa afungue kifungo. Kengele ikalia, akamwachia.

Hawakuniambia kwa sababu wananiona kila mchana nacheka naye. Mimi! Naviringisha kile kitu kwa aproni kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 7 Juni
Nimekwenda kwa Mkuu. Kanisikiliza nikiwa nimesimama. Mama, yule analinda mali ya shule. Utani wa walinzi huo. Una ushahidi? Na kazi yako unaipenda?

Mwalimu wa nidhamu alikuwa pembeni anasahihisha madaftari. Wasichana wanamwita Bi Rula, na si kwa mapenzi. Hakuinua kichwa. Nikatoka.

Kwenye korido nikasikia viatu vya Bi Rula nyuma yangu. "Funguo za stoo, mnazo ngapi?"

Mmoja, Mwalimu.

"Mmoja. Na kibali cha silaha yake hakuna aliyewahi kukiona. Haya." Kaenda zake.

Jumapili, 9 Juni
Baba Kijino kapiga simu toka kazini kwake mbali. Kwanza: usijiingize, utafukuzwa. Nikamweleza habari ya mtutu. Halafu: huyo mdogo wako, shemeji yangu, mimi ndiye nilimnunulia daftari lake la kwanza. Fanya unavyoona.

Nimemwomba mdogo wangu radhi. Kasema, Dada, si ulishashona sketi? Tukacheka kidogo, tukalia zaidi.

Jumatatu, 10 Juni
Naandika stooni, juu ya gunia la maharage. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Saa sita Kamanda kaniletea bunduki kama kawaida. Nikaipokea. Sikucheka. Nikaingia nayo, nikashusha komeo kwa ndani. Ndivyo tulivyopanga asubuhi na Bi Rula. Yeye kaenda polisi na Twiga na wasichana wengine watatu. Kasema nusu saa. Sasa saa saba na dakika kumi! Kile kitu kiko kule kwenye kona, sikigusi. Kijino nimemwachia mdogo wangu. Mtoto na bunduki chumba kimoja, hapana.

Anagonga. Kwanza taratibu. "Shemeji, nipe changu, zamu inaniita."

Nikamwambia komeo limekwama.

"Limekwama au umelikwamisha?"

Sasa anatumia bega. Bawaba ya juu ina msumari mmoja uliolegea, tangu mwaka jana nasema ufungwe.

Kengele ya chakula. Nasikia miguu. Foleni ya wanafunzi huishia dirishani, jikoni hawaruhusiwi kuingia. Wameingia! Viatu vingi, sakafu inavuma. Kamanda anafoka watoke. Mpishi mwenzangu anamjibu: hapa ni jikoni kwangu, Bwana, toka wewe. Bega limeacha mlango.

Kijino analia. Namjua, ni kilio cha njaa hicho. Blauzi imelowa maziwa. Mkono umeshafika kwenye komeo wenyewe.

"Dada, usifungue. Ninaye. Tuko wengi."

Kasogea. Sauti yake iko hapa hapa, kaegemeza mgongo mlangoni, naona kivuli cha viatu vyake kwa chini. Nimekaa chini nami nimeegemeza wangu. Mbao inatikisika, sijui ni mimi au ni yeye.

Nje kuna gari limesimama. Sijui kama ni la polisi.