Mashini Mupya Haijui Jina Lako

Papa,

Ni mimi, Nsimire. Nakuandikia kwenye ordinateur mupya, mashini ile Tonton Déo alileta kutoka Goma. Ile yako, pale secrétariat yetu ya Nyawera, kaduka ketu ka kupiga chapa, ilikuwa imechoka. Ilikuwa inawaka, inapumua kama mutu wa asma, inazimika. Maman alisema wanafunzi watapeleka travail zao za mwisho wa masomo kupigwa chapa kwa wengine, na sisi tutabaki tunaangalia barabara. Kisha akaniangalia mimi.

Kuna kitu sijamwambia. Nakuambia wewe kwanza.

Siku ya mazishi walinituma nichague koti. Nikachukua ile ya bleu, ya misa. Nilikuwa nafanya vitu tu, kama mutu aliyetumwa chumvi. Sikutazama mifukoni. Kale ka carnet kako, kadaftari ka code zote za mashini, kalikuwa mule. Umelala nako.

Na sijalia, Papa. Watu wanasema, "Huyu mutoto iko nguvu." Si nguvu. Ni kama mukono ukiulalia, unakufa ganzi.

Unakumbuka Tonton alivyokucheka? "Muzee, Bukavu muzima tunakopia na clé USB, weye peke yako ndiye unanunua programu. Watakupa medali?" Ukajibu bila kuacha kupiga: "Cha mutu iko cha mutu, Déo. Na kalamu yangu, rudisha."

Basi mashini mupya ilipokuja bila programu ya kuandikia, sikukopia. Nilitafuta karatasi ya programu, nikapiga ile namba ya simu. Mimi, ambaye nilikuwa nakutuma wewe kuniombea ruhusa kwa mwalimu. Akajibu mwanaume, kwa Kifaransa. Akaeleza kwamba programu iliyokuja ndani ya mashini ya zamani haihami, inabaki nayo mupaka mwisho. Lakini mise à jour uliyoinunua kisha, ile programu iliyofanywa upya, hiyo inaweza kuhama, kama nitaitoa kwanza kwenye mashini yako. Akaomba code. Nikamuambia sina. Akasema, kama mwenye licence, yule aliyenunua haki ya kuitumia, yuko karibu, nimupe simu.

Nikasema, il est décédé.

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka neno hilo juu yako. Kwa Kifaransa lilitoka rahisi, kama jibu la darasani. Kwa Kiswahili bado sijalisema. Hata hapa nimezunguka, umeona.

Polepole, akaniomba nimusomee namba zinazoonekana kwenye mashini yako, akanipa code mupya. Nikarudi kwa mashini yako. Mashini ikaandika kwamba licence ni ya, halafu jina lako lote, na la ubatizo. Ikauliza kama nataka kuondoa. Nikabonyeza ndiyo. Ni kidole tu. Lakini nilikaa pale muda murefu.

Ile mupya ikakubali. Maman akapiga makofi mara moja, akaenda kuweka maharagi kwenye moto.

Kazi ya kwanza ilikuwa karatasi ya misa yako, ya kuondoa kilio, kumaliza matanga. Nikaandika jina lako, mustari mwekundu ukapita chini yake, kama neno lenye kosa. Nikaandika majina ya jamaa: Nabintu, mwekundu. Cirhuza, mwekundu. Hata Kadutu, jina la mutaa. Nilifikiri nimeharibu kitu. Kisha nikakumbuka namna ulivyokuwa unafanya. Mutu akitaja jina, mustari ukatokea, wewe unabonyeza "ongeza", unamugeukia: "Sasa inakujua." Wamama wa Kalehe waliokuja kuandikiwa walikuwa wanacheka kama wamepewa kitambulisho. Miaka yote ulikuwa unaifundisha majina ya watu wetu, moja moja, na mimi nilikuwa nakaa nyuma yako nikiona ni muchezo.

Majina hayo hayakuhama. Hayamo ndani ya licence. Na asubuhi hii, nilipotaka kuyatafuta, mashini yako haikuwaka tena.

Hapo ndipo ule mukono umeanza kuamuka, Papa. Inauma.

Ya koti, nitamwambia Maman tukitoka misa. Najua atauliza kama nimekula. Na majina nitayafundisha tena, nakuahidi. Kila atakayeingia nitamuuliza jina lake, hata kama ni kwa sauti ndogo, hata kama atasema "Unasemaje, mwanangu?" mara tatu.

Nimeanza na lako. Nilibonyeza, mustari ukatoka.

Sasa inakujua. Lala na carnet yako, Papa.

Nsimire