Mstari wa Babu Yako

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kusoma. Tabora jua kali, na matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, nayatafuna mpaka taya linauma.

Jana nilikwenda ushirika wa wafuga nyuki kuuliza kama mizinga ya marehemu babu yako bado ni yetu. Kompyuta yao imekuzidi umri! Dada anayeitunza akasema, "Bibi, aliyeandika programu hii alishafariki. Sisi tunaziba tu panapovuja."

Akanionyesha humo ndani maneno ya Kiswahili, juu ya mstari mmoja wa programu. Mashine huyaruka, yamewekwa kwa ajili ya mtu atakayekuja baadaye. Nikayasoma mwenyewe kwa kidole, kumbe yanamhusu babu yako: "Mzee wa Tura ana alama moja ya mizinga katika misitu miwili. Bila mstari huu, kompyuta itadhani alama imejirudia, na msitu mmoja unapotea. Usiufute."

Chini yake, kila aliyeirithi programu ameandika: "Sijaufuta." Watu watatu, Kabula, na hakuna aliyemjua babu yako! Mizinga yote ipo.

Na wewe fundi wa programu huko Dar, uliyeniambia kuandika maelezo kama hayo ni kupoteza muda! Wangekuwa kama wewe, leo tungekuwa na msitu mmoja. Kaa chini uandike, mvivu wee.

Yule dada aliniruhusu nami nibonyeze, herufi moja moja: "Sijaufuta. Mke wake."

Asali nakuletea. Mungu akutunze kama walivyoutunza mstari ule.

Bibi yako